Wiki Niliyomwachia Nyumba

Wivu hauna dawa. Nimeambiwa nifunge na kuomba. Nimefunga, nimeomba, na bado ukinitajia Filister siwezi kutulia. Kwa hivyo sitajifanya kwamba jioni ile nilikuwa Silanga, huku Kibera, na roho safi. Nilikuwa shambani kwa mzee Mutie, kando ya bwawa tunaloliita Dam, nachuma mboga ya sukuma ya kuuza kwenye kibanda changu Mashimoni. Nachuma, natia guniani, nasonya.

Mchana huo nilikuwa nimetoka Kawangware kumsalimia huyo Filister. Filister ameolewa na ndugu ya mume wangu Okello, na toka tuingie kwa ile boma ya wakwe tunashindana, ingawa hakuna aliyewahi kulisema. Mimi nilizaa kwanza. Yeye akapata sofa kwanza. Anafanya kazi ya nyumba kwa Mama Kabiru, mke wa Mburu mwenye ploti ya vyumba vya kupanga pale Kabiro, huko huko Kawangware, na hao ndio walikuwa wamempeleka safari ili awaangalie watoto wao wakiwa wanaogelea.

Picha alikuwa amezibandika ukutani, juu ya hilo sofa. Filister kando ya swimming pool. Filister na glasi ya juisi. Filister kitandani, shuka nyeupe pe, mto chini ya kila kiwiko. Nilitafuta kasoro mpaka nikaipata: viatu havikuwa vyake. Haikunisaidia sana.

"Hapo ni Naivasha," alisema. "Lakini wiki yao ni ya Pwani. Walibadilisha tu."

"Walibadilisha nini?"

Akanieleza pole pole, kama anayefundisha mtoto kusoma. Mburu alikuwa amenunua wiki moja ya kila mwaka katika hoteli fulani huko Pwani. Si hoteli, wiki tu. Wakichoka na Pwani, wanaiweka hiyo wiki kwa kampuni, na mtu mwingine aliye na wiki yake Naivasha anaiweka yake. Huyu analala kwa yule, yule analala kwa huyu, na hakuna anayemjua mwenzake.

"Na nyinyi, Mama Adhis," akaniuliza akinimiminia chai, "likizo hii mnaenda wapi?"

Alijua. Alijua vizuri kabisa kwamba Okello alikuwa amepeleka watoto ocha, kijijini Alego kwa mama yake, na mimi nimebaki kwa sababu kibanda kikifungwa wateja wanazoea kwa mwingine. Nilikunywa hiyo chai yote, nikaaga.

Ndiyo maana pale shambani nilikuwa naongea peke yangu. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya matete. Mzee Mutie alikuwa mbali, anafunga kibanda chake cha makaa. Nikasema kwa sauti, "Hata mimi ningekuwa na wiki, ningebadilisha."

"Wiki unayo."

Mkono wangu ulibaki kwenye jani.

Mwanamke alikuwa amesimama kati ya mistari ya sukuma. Sikusikia akija. Nywele zake zilikuwa zimesukwa mistari myembamba inayorudi nyuma, kazi safi ya mtu mwenye subira. Leso alikuwa ameifunga kiunoni, na pindo lake lilikuwa linadondosha maji... tone, tone, juu ya majani. Alinuka sabuni ya kufulia. Na chini ya sabuni kulikuwa na harufu nyingine, ya tope lililokaa.

"Unaishi pale Mashimoni, mlango wa bluu, karibu na mfereji wa kuteka maji," alisema. Alinong'ona, na hata nilipomsogelea sauti haikuongezeka. "Mzee na watoto hawako."

"Nani amekuambia?"

"Chumba kisicho na watu kinajulikana." Akanitazama kwa upole. "Niachie hiyo wiki. Wewe ulale kwangu, mimi nilale kwako."

Nikacheka. "Dada yangu, kwangu ni mabati na ukuta wa udongo. Choo tunapanga laini. Nani atakuja Mashimoni kwa raha?"

Yeye hakucheka.

"Kila nyumba ina mtu anayeitamani," alisema.

"Na kwako ni wapi?"

Akanyoosha mkono wa kushoto, upande wa matete. Nikatazama. Sijui kwa nini sikuwa nimewahi kuiona, na mimi hupita pale karibu kila jioni... nyumba ya vigae vyekundu, taa zimewashwa, veranda pana inayotazama maji. Nairobi watu wanajenga haraka, nikajiambia. Wacha nikwambie, kichwani nilikuwa tayari nimeona picha yangu ukutani na Filister amesimama mbele yake akitafuta kasoro.

"Unataka nini tena juu ya hiyo wiki?"

"Sitaki kitu. Ni kupika tu. Utanipa mwiko wako."

Hapo mtu mwenye akili angeshtuka. Kwetu mwanamke akiolewa anapika kwa mama mkwe mpaka siku anapopewa jiko lake mwenyewe. Siku yangu ilipofika, mama mkwe alininyooshea mwiko, nami nikaushika, lakini hakuuachilia mara moja. Chumvi kopesha, aliniambia. Makaa kopesha, sufuria kopesha. Mwiko haukopeshwi, maana anayesonga ugali ndiye mama wa nyumba. Mimi nikaitikia ndiyo mama, huku nasema moyoni kwamba hayo ni ya wazee. Nilikuwa nimekaa Kibera, nimeona watu wakikopeshana hata kitanda.

Jumapili, jua likizama, alikuja mlangoni kwangu. Nikampa.

Aliupokea na mikono miwili. Akaunusa.

"Usirudi kabla ya Jumapili nyingine," alinong'ona. "Hata ukitaka."

*

Kwake kulikuwa kuzuri, kwa nini niseme uongo. Kitanda kilikuwa kipana, shuka nyeupe kuliko zile za Filister. Maji ya moto yalitoka ukutani. Kila nilipotoka kuoga nilikuta chakula kimewekwa mezani na kufunikwa, kuku, wali, samaki mzima, na sikuwahi kumwona anayekileta. Hakikuwa na ladha. Nilitia chumvi, nikatia tena, nikaacha. Lakini nilijilaza na mto chini ya kila kiwiko, na kitu pekee kilichonikera mwanzoni ni kwamba hakukuwa na mtu wa kunipiga picha.

Halafu nikaanza kusikiliza.

Hakukuwa na mbu. Kando ya Dam, hakuna mbu. Hakukuwa na chura wala redio ya mtu wala mlango kufungwa. Veranda ilitazama maji na hayo maji hayakusogea. Na jioni haikuisha. Mwanga ulibaki ule ule wa jua likishuka, saa zote, nikilala na nikiamka.

Chumba cha kulala kilikuwa na dirisha moja lenye pazia zito. Mbele yake kulikuwa na stuli ya mbao. Nilikuwa nimeipita mara nyingi. Siku hiyo niliitazama vizuri, nikaona imekaliwa mpaka imechimbika katikati. Na ukutani chini ya dirisha plasta ilikuwa na mikwaruzo ya kucha, mingi, mmoja juu ya mwingine.

Nikavuta pazia. Nilitarajia maji.

Niliona mlango wangu.

Mlango wa bluu. Mfereji. Kamba ya nguo. Karibu hivi, kama niko ng'ambo ya kichochoro. Kwenye kamba kulikuwa na nguo za watoto wangu, zimefuliwa zikang'aa, na nikasema hapana, watoto wako Alego...

Adhis akatoka na bakuli mkononi. Wakati huo alikuwa na miaka saba, hajaota meno ya mbele. Nyuma yake Billy, mdogo wake, tumbo wazi. Kisha Okello akatoka, akakaa pale kizingitini na kunyoosha miguu.

Kisha nikatoka mimi.

Ni mimi. Gauni langu la maua, shingo yangu, hata vile ninavyoinama kupita chini ya kamba. Nywele tu ndizo hazikuwa zangu, zimesukwa ile mistari myembamba. Mwiko ulikuwa mkononi mwake, mkono wa kushoto.

Okello alimwambia neno. Sikusikia, lile dirisha halikupitisha sauti. Yeye akajibu, na Okello akacheka mpaka akajipiga goti. Okello wangu. Huyo huyo ambaye akirudi kutoka kazi ya mjengo anavua viatu, anakula, analala. Billy akampanda mgongoni huyo mwanamke. Adhis akaegemea paja lake akila, na yeye akawa anamtoa nywele usoni kwa kidole kimoja, pole pole, kana kwamba hakuna kazi nyingine duniani.

Unajua kilichoniuma? Si kwamba alikuwa na sura yangu. Walikuwa na furaha. Nilikuwa nimeishi na hao watu miaka yote, nikiwapikia, nikiwafulia, nikiwapigia kelele ya kiatu kilichopotea, na sikuwahi kuwaona vile. Wivu niliokuwa nao kwa Filister ulikuwa mchezo wa watoto.

Nilikimbilia mlango wa kutokea. Palikuwa na ukuta.

Nikarudi dirishani, nikapiga kioo kwa ngumi. Hakuna aliyegeuka ila yeye. Alinitazama moja kwa moja, bila hasira. Kisha akawakusanya watoto kwa mikono yote miwili, akawaingiza ndani, Okello akafuata, na mlango wa bluu ukafungwa.

Siku zilizobaki nilikaa kwenye ile stuli. Sikula. Nikachelewa kugundua kwamba kucha zangu zilikuwa zimejaa plasta.

Siku ya mwisho nilisikia sauti ya kwanza tangu nifike. Ni mlango, unafunguka wenyewe. Nilitoka mbio na mguu wa kwanza ukazama kwenye tope. Matete yalikuwa yananizunguka pande zote. Nilipogeuka hapakuwa na vigae wala taa. Palikuwa na Dam tu, maji meusi, na magugu juu yake.

Mzee Mutie alikuwa anamwagilia sukuma. Akaweka mkebe chini.

"Mama Adhis," alisema, "umelowa mpaka kifuani. Unatafuta nini huko ndani?"

Nilimpita. Nilikimbia.

*

Mwiko ulikuwa umening'inizwa mahali pake. Sakafu ilikuwa imefagiliwa. Adhis alikuwa kitandani anamfundisha Billy kuhesabu kwa vizibo vya soda, akainua uso kwa furaha, akaniona, na uso ukamshuka.

"Mama," alisema, "kwani umefumua nywele?"

Okello alinieleza, kwa mshangao wa mtu anayerudia jambo, kwamba walirudi mapema kwa sababu kontrakta alimtumia ujumbe kuna kazi. "Si nilikwambia hayo yote siku tulifika? Ukachinja kuku." Nikasonga ugali. Alikula tonge kadhaa, akasukuma sahani kidogo.

"Leo umesonga haraka," alisema. Hakusema kwa ubaya. Hilo ndilo lilinikata.

Ikawa hivyo. Billy alitaka wimbo ambao mimi siujui, na nilipoimba wangu alisema si huo. Adhis aliacha kuniletea nywele zake nimsuke. Siku moja nilimuuliza Okello, kama utani, ni lini nyumba yetu imewahi kuwa na raha. Hakufikiria hata.

"Ile wiki ya Agosti," alisema.

Nilienda nje nikafua nguo zilizokuwa safi.

Jirani yangu Mildred, ambaye ameishi kwenye ile ploti kabla ya sisi wote, alinikuta pale. "Na wewe Nyar Ugenya umerudia kununa," alisema, akiniita binti wa kwetu Ugenya. "Ile wiki ulikuwa mtu wa watu. Hata mimi ulinisalimia."

"Mildred. Kabla yetu, kile chumba kilikuwa cha nani?"

Akaangalia kulia na kushoto, akakaa kwenye beseni aliyoipindua.

"Kulikuwa na mama anaitwa Sella," alinong'ona. "Maji ya mfereji yalipotea, akaenda kufua Dam jioni. Beseni ilipatikana, sabuni ikapatikana juu yake. Mtu mwenyewe... hapana. Bwana yake alioa kabla watu hawajamaliza kulia. Mke mpya akaingia kwa hicho chumba, akapika na vyombo vya Sella, watoto wakamwita mama. Halafu wakahama." Akatazama mlango wangu. "Alikuwa anapenda hao watoto, wewe acha tu. Kila jioni anawakalisha hapo mlangoni anawalisha na mkono wa kushoto."

Jioni hiyo niliuweka ule mwiko kwenye jiko la makaa. Ulikataa kushika moto. Ulitoa maji, ukachemka kwenye ncha, na chumba chote kikanuka sabuni. Makaa ndiyo yalizimika.

Nikamwambia Okello silali tena kwenye kile chumba. Tuligombana mwezi mzima. Mwishowe tukahama, na unajua tulihamia wapi? Kabiro. Kwa ploti ya Mburu, mlango wa tatu kutoka kwa Filister, ambaye alinikaribisha na kikombe cha sukari na lile tabasamu lake. Nilimeza. Kama ningeambiwa nihamie chini ya sofa lake ningehamia.

Kule nilipata amani kidogo. Adhis akaota meno. Akaanza kunisaidia kwenye kibanda kipya. Nilijifunza kusonga ugali pole pole, nilijifunza kunyamaza mtu akipoteza kiatu. Lakini karibu na Agosti nilianza kuamka na plasta kwenye kucha. Nikaenda kwa Mama Kabiru. Alikuwa anaanika nguo, na sikuweza kumwambia kitu, nikauliza tu kama mtu anayepiga gumzo:

"Mama Kabiru, hii wiki yenu mnabadilisha na watu. Mtu akiibadilisha mara moja, anaweza kuamua basi, imeisha?"

"Wapi." Akabana kibanio. "Ukishaingia, ni kila mwaka. Hata ukihama nyumba wanakupata."

"Na usipoenda?"

"Si lazima uende mwenyewe. Mwaka jana mimi nilikuwa mgonjwa, akaenda Becky wetu. Mtoto wa familia wanamkubali."

*

Jumapili ile ya Agosti, mwaka mzima tangu nimpe mwiko, sikufungua kibanda. Okello alikuwa kazini, wanamwaga zege, angerudi usiku. Nilifunga mlango jua likiwa bado juu. Komeo, kufuli, na meza nikaisukuma ikakaa nyuma. Nikawapikia watoto kuku. Billy alikula. Adhis alicheza na kijiko.

Ploti ilikuwa na kelele za kawaida. Redio ya Filister. Mtu anakuna sufuria. Mtoto analia.

Halafu redio ikazimika. Sufuria ikanyamaza...

Nikasikia tone. Tone lingine. Juu ya saruji, hapo nje ya mlango.

"Mama Billy," sauti ilinong'ona, ingawa kila mtu huniita Mama Adhis. Ilikuwa sauti yangu, ila imepoa. "Nimekuja."

Harufu ya sabuni ilipita chini ya mlango. Niliegemea meza kwa uzito wangu wote.

"Rudi ulikotoka," nilimwambia. "Hawa ni wangu. Nilizaa mimi."

"Najua. Sijaja kukunyang'anya. Ni wiki tu."

"Hupati hata dakika."

Tone. Tone.

"Wewe una wiki zote zilizobaki," alisema. "Na huzitumii."

Sitasema uongo mbele ya Mungu: hilo lilinichoma kuliko kisu, kwa sababu alikuwa amekaa kwenye ile stuli akinitazama, miaka, kila jioni niliyowapigia kelele. Aliona yote. Nilizidi kuisukuma meza.

"Waulize wenyewe," alinong'ona.

Niligeuka. Billy alikuwa amelala mkekani, mfupa wa kuku mkononi. Adhis alikuwa amesimama. Alikuwa ameongeza sahani moja, ameipangusa na kitambaa, ameiweka kwenye mkeka upande wa kushoto. Alinitazama kwa huruma, na mtoto hapaswi kumtazama mama yake hivyo.

"Mama," alisema pole pole, "si utarudi tu. Ni wiki moja."

Sikumpiga. Mkono uliinuka, lakini sikumpiga. Nilimwambia mwanamke wa nje kwamba nikifa nitafia nyuma ya hii meza. Nikangoja jibu. Redio ya Filister ikarudi kuimba, sufuria ikaanza kukunwa, na nilipofungua asubuhi kulikuwa na dimbwi dogo la maji kizingitini, na nyayo hazikuwepo.

Nilidhani nimeshinda.

Kesho yake, jua likishuka, nilimtuma Adhis bombani na mtungi mdogo. Bomba liko hapo hapo katikati ya ploti. Kutoka mlangoni nilikuwa namwona mgongo. Nilimgeukia Billy nimfunge shati, kifungo kimoja.

Mtungi ulibaki chini ya bomba, unafurika.

Okello alizunguka kwa chifu, akazunguka polisi, akaenda mpaka mochari na kurudi ameshika kofia. Kanisa lilitangaza. Filister, nitampa haki yake, alitembea na mimi kila siku kuita jina mpaka sauti ikamkauka. Lakini jioni nilikuwa naenda Silanga peke yangu. Nilisimama kwenye matete nikawaambia maji: nimekubali. Mrudishe, nitaingia mimi. Chukua wiki, chukua mwezi. Hakuna kilichosogea. Sasa nilielewa ni nini kukaa upande ule wa dirisha, ila mimi hata dirisha sikuwa nalo.

Jumapili nilimkuta amekaa kando ya shamba la mzee Mutie. Amelowa mpaka magotini. Mzee alikuwa amemfunika koti lake, na yeye mwenyewe alikuwa akitetemeka kuliko mtoto.

Adhis hakuwa na jeraha. Alikuwa amenenepa mashavu. Nywele zake zilikuwa zimesukwa mistari myembamba inayorudi nyuma, hakuna unywele mmoja uliotoka nje. Nilipiga magoti kwenye tope nikamkumbatia, nikalia, nikamwita majina yote ya utoto wake. Aliniacha nimalize. Kisha akanipangusa uso na kidole kimoja.

"Mama anakusalimia," aliniambia.

*

Okello anaamini mtoto alipotelea kwa watu fulani huko Silanga, akashukuru Mungu, na hataki liongelewe. Nilijaribu kuzifumua zile nywele na chanuo, na maji ya moto, na mwishowe na makasi. Asubuhi zilikuwa zimerudi.

Sasa ni mwisho wa Julai tena, Agosti inakaribia. Adhis ni mtoto mzuri, walimu wanamsifu, haniletei shida hata kidogo. Wakati mwingine nikimpigia kelele ananitazama tu, kisha anatazama ukuta ulio mbele yetu, mahali pasipo na dirisha, kana kwamba anamwomba mtu radhi kwa niaba yangu. Mimi namwona. Halafu namsongea ugali pole pole kadiri ninavyoweza.

Nimeamua kwenda mwenyewe. Nimenunua mwiko mpya, nimeuweka mezani. Okello nimemwambia naenda Ugenya kumwona mama yangu, na kwamba gari likikosekana nitarudi jioni hiyo hiyo, ili asishangae akiniona mlangoni. Nitakaa kwenye ile stuli na nitatazama kila kitu, hata kicheko nisichokisikia, kwa sababu nisipoenda mimi najua ataenda nani.

Jana jioni nilitoa mfuko nianze kupanga nguo. Adhis akaja bila kuitwa, akapiga magoti kando yangu, akanisaidia kuzikunja. Alizikunja vizuri, moja juu ya nyingine, na alikuwa ana haraka.